Kufuta Ubao Si Kumwaga Chungu: Mwongozo wa Kupanga Menyu ya Kompyuta

Ukipita asubuhi kwa mama lishe, unakuta ubao umeegemezwa mlangoni. Umeandikwa kwa chaki: chai, chapati, supu, wali maharage, wali samaki. Saa nane mchana samaki wakiisha, mama anachukua kitambaa na kufuta mstari mmoja. Havunji sufuria, hagombani na mvuvi, wala hafungi jiko. Kesho samaki wakija, mstari unarudi palepale.

Menyu ya kompyuta ni ubao wa namna hiyohiyo. Lakini watu wanaouheshimu ubao wa mama lishe huiogopa menyu ya kompyuta kama kaburi la mzee asiyejulikana. Wapo wanaoamini kwamba kufuta jina kwenye menyu ni kuiua programu yenyewe. Wapo wanaoamini kwamba jina lisiloonekana halimo. Basi wanaishi miaka na orodha ya programu arobaini, wakitumia nne, wakizitafuta hizo nne kila siku kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Mwongozo huu una neno moja la kukuambia: chaki ni yako. Nitaeleza kwa kompyuta za Linux, yaani Ubuntu, Mint, Debian, Fedora na ndugu zao, kwa sababu huko ubao umeachwa wazi na kila mstari wake ni faili la maandishi unaloweza kulisoma kwa macho yako.

Hatua ya kwanza: jua mistari inaandikwa wapi

Zamani kila mazingira ya dawati yalikuwa na ubao wake. KDE ilianza mwaka 1996, GNOME mwaka 1997, na programu iliyotaka kuonekana kotekote ililazimika kujitambulisha upya kila mlango. Mwaka 2000 Havoc Pennington alianzisha kikundi kilichokuja kuitwa freedesktop.org, ili wajenzi wa mazingira hayo wakubaliane mambo ya msingi. Tunda mojawapo la makubaliano hayo ni faili lenye jina linaloishia na `.desktop`. Programu moja, faili moja, na kila menyu inalielewa.

Mafaili hayo hukaa sehemu tatu unazopaswa kuzijua:

1. `/usr/share/applications` ni jikoni kwa mfumo. Programu zikisakinishwa, mistari yake huwekwa hapa.
2. `/usr/local/share/applications` ni kabati la msimamizi wa kompyuta. Anachokiweka hapa kinawafikia watumiaji wote.
3. `~/.local/share/applications` ni chumbani kwako. Alama ile ya mwanzo inamaanisha folda yako ya nyumbani.

Jina `.local` linaanza na nukta, kwa hiyo folda hiyo imefichwa. Fungua kidhibiti cha mafaili, bonyeza Ctrl na H, nayo itajitokeza. Folda ya `applications` isipokuwemo, iunde.

Sasa shika kanuni inayobeba mwongozo mzima: kompyuta hutafuta chumbani kwako kwanza, kisha kwenye kabati la msimamizi, ndipo iende jikoni. Ikikuta mafaili mawili yenye jina moja, la chumbani kwako ndilo linalosikilizwa. Anayeijua kanuni hii hana sababu ya kugusa jikoni kwa watu.

Hatua ya pili: ongeza mstari wenye maana kwako

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba. Hesabu za hisa na mikopo anaziweka kwenye jedwali la LibreOffice Calc. Siku moja nilimwamkia na kumuuliza kompyuta inaendeleaje.

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta haina neno. Ila kila Jumamosi nagonga milango sita kabla sijafika kwa watu wangu."

Nilikaa kando yake nikahesabu. Menyu, Calc, Faili, Fungua, folda ya nyaraka, jedwali la kikoba. Sita kamili, na wanachama wamekaa kwenye mkeka wanasubiri. Tukafungua kihariri cha maandishi, tukaandika hivi:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Hesabu za Kikoba
Comment=Hisa, mikopo na marejesho
Exec=libreoffice --calc /home/shangazi/Documents/kikoba.ods
Icon=libreoffice-calc
Terminal=false
Categories=Office;
Keywords=hisa;mkopo;marejesho;
```

Tukalihifadhi chumbani kwake kwa jina `kikoba.desktop`. Tukafungua menyu, na "Hesabu za Kikoba" ikawa imekaa pale kama mwenyeji. Akabofya mara moja, jedwali likafunguka. Milango sita imekuwa miwili: menyu, na jina.

Tazama mistari mikuu inafanya nini. Ule wa mabano ni bismillahi ya faili; bila huo mengine hayasomwi. `Type` inasema hii ni programu. `Name` ndilo jina litakaloonekana. `Exec` ndiyo amri itakayotekelezwa, nayo inataka njia kamili ya faili: ukiandika kile kifupisho cha folda ya nyumbani hapa, hakitaeleweka. Njia ikiwa na nafasi kati ya maneno, ifunge kwa alama za kunukuu. `Categories` huamua mstari utakaa kundi gani, yaani ofisi, michezo, elimu, picha au mtandao, na huishia na nukta mkato. Kwenye Xfce, MATE, Cinnamon na KDE Plasma utayaona makundi hayo waziwazi. Kwenye GNOME programu nyingi hupangwa tu kwenye uwanja mmoja wa aikoni. `Keywords` ni maneno ya kutafutia. Shangazi akiandika "mkopo" kwenye kisanduku cha kutafutia, mstari wake unakuja, hata kama neno hilo halimo kwenye jina.

Asiyependa kuandika kwa mkono atumie MenuLibre, Alacarte, au KMenuEdit ya KDE. Hizi zina visanduku vya kujaza, kisha zenyewe zinaandika mafaili ya aina hiihii. Hata hivyo nakusihi uandike moja kwa mkono, mara moja tu maishani. Ukishaona kwamba menyu ni maandishi, hofu yote inakwisha.

Hatua ya tatu: ipe menyu lugha ya mwenye nyumba

Faili la `.desktop` linaruhusu jina moja kuandikwa kwa lugha nyingi. Alama ya Kiswahili ni `sw`. Mstari `Name[sw]=Kikokotoo` ukiwemo, kompyuta iliyowekwa kwa Kiswahili, kwa mpangilio wa Tanzania au wa Kenya, itaonyesha Kikokotoo. Iliyowekwa kwa Kifaransa itatafuta jina la Kifaransa, na isipolikuta itaonyesha lile la `Name`.

Hili nalipenda kuliko yote katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ni kubwa, inahitaji timu, kamusi na subira. Lakini kuandika jina moja la Kiswahili kwenye menyu ya mama yako ni kazi ya dakika mbili, na huhitaji kibali cha mtu yeyote.

Fanya hivi. Nakili faili la programu kutoka jikoni ulete chumbani kwako, jina la faili likibaki lilelile. Fungua nakala, ongeza `Name[sw]` na jina unalotaka. Kama kompyuta yenyewe imewekwa kwa Kiingereza, mstari wa `sw` hautasomwa. Badilisha basi ule wa `Name`, na uangalie kama kuna mstari wa jina la Kiingereza cha Uingereza au Kanada chini yake, maana huo unaweza kukuzidi nguvu. Hifadhi. Sasa bibi anayetaka kutazama picha za harusi anabofya "Picha", na mtoto anayetaka kuandika insha anabofya "Kuandika".

Kumbuka jambo moja. Nakala yako haifuati masasisho ya programu. Siku amri ya kuifungua ikibadilika huko jikoni, nakala itaendelea kuita kwa jina la zamani, na hakuna atakayeitika. Hapo futa nakala, nakili upya, andika jina tena.

Hatua ya nne: ondoa bila kubomoa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaingia jikoni kwa mfumo kwa mamlaka ya msimamizi, anafuta faili, anafurahi. Amemfutia kila anayetumia kompyuta hiyo, na programu ikija kusasishwa, mstari unarudi. Usifanye hivyo.

Nakili faili chumbani kwako, jina lilelile, kisha ongeza mstari mmoja kati ya hii miwili. Usidhani ni mapacha.

`NoDisplay=true` inasema: programu ipo, ila usiiandike ubaoni. Ukikificha kitazamaji cha picha, ukibofya picha mara mbili bado kitafungua kama kawaida. Mstari umefutwa, chungu kiko motoni.

`Hidden=true` inasema: chukulia mstari huu haupo kabisa. Kitazamaji kitatoka kwenye menyu na pia kwenye orodha ya programu zinazoweza kufungua picha. Programu yenyewe ingali ndani ya diski, lakini dawati halitamwelekeza mtu kwake.

Kwa shughuli za nyumbani, chagua `NoDisplay`. Ni adabu ya kumwambia mgeni apumzike chumba cha ndani badala ya kumtoa nje na mizigo yake.

Ukitaka programu iondoke kweli, nafasi yake kwenye diski irudi, hiyo ni kazi ya kidhibiti cha programu, kama `apt` kwenye Ubuntu na Debian au `dnf` kwenye Fedora. Menyu haina uwezo huo, wala isilaumiwe.

Mwalimu anayesimamia chumba cha kompyuta shuleni ana njia bora zaidi. Aweke nakala yenye `NoDisplay` kwenye lile kabati la msimamizi. Wanafunzi wote wataona menyu iliyosafishwa, na masasisho hayataigusa kazi yake.

Hatua ya tano: mstari ukigoma

Mstari usipotokea, usisakinishe mfumo upya. Uliza maswali haya kwa utaratibu. Je, jina la faili linaishia na `.desktop`, au kihariri kimeongeza `.txt` nyuma yake? Je, umeandika `name` kwa herufi ndogo mahali pa `Name`? Mfumo unazitofautisha. Je, amri iliyo kwenye `Exec` inafanya kazi ukiiandika kwenye dirisha la amri? Kisha andika `desktop-file-validate` ikifuatiwa na njia ya faili. Chombo hiki hakina maneno mengi: pakiwa na kosa kitalitaja, pasipo na kosa kitakaa kimya. Ukimya wake ni pongezi. Vyote vikiwa sawa na menyu bado haijaamka, toka kwenye akaunti yako uingie tena.

Na usipouona jikoni mstari wa programu unayoitafuta, huenda programu ililetwa kwa njia nyingine. Za Snap huweka mistari yake `/var/lib/snapd/desktop/applications`. Za Flatpak huiweka `/var/lib/flatpak/exports/share/applications`. Za Windows zinazoendeshwa kwa Wine huiandika chumbani kwako, ndani ya folda ya `wine`, na mara nyingi mistari hiyo hubaki hata programu ikishaondolewa. Hiyo ifute bila wasiwasi. Ni ubao unaotangaza supu ya mwaka jana.

Kwa walio kwenye Windows

Menyu ya Start ilikuja na Windows 95, tarehe 24 Agosti 1995. Mwaka 2012 Windows 8 ikaiondoa na kuweka skrini nzima ya vigae. Watu wakalalamika, na mwaka 2015 Windows 10 ikairudisha. Somo la kisa hicho ni kwamba watumiaji waliihesabu menyu kuwa yao, na hawakukosea. Ukitaka kuipanga yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `shell:programs`, na folda ya njia zako za mkato itafunguka. Unachokiweka humo kinaingia kwenye menyu. Njia ya mkato unayoifuta humo inatoka, na programu inabaki salama mahali pake.

Mwisho wa kazi

Menyu ya shangazi sasa ina mistari mitano: Hesabu za Kikoba, Barua, Picha, Intaneti, na Kuzima. Programu zilizobaki tulizificha kwa `NoDisplay`, moja baada ya nyingine, yeye akisema nami nikiandika.

Wiki mbili baadaye akanipigia.

"Mwanangu, ule mchezo wa karata tuliutupa?"

"Hatukuutupa, shangazi. Upo."

Nikamwelekeza kwa simu: Ctrl na H, `.local`, `share`, `applications`, faili la karata, futa. Nikamsikia akibofya polepole, akisoma kila jina kwa sauti. Kisha kimya kidogo, halafu akasema: "Umerudi." Aliurudisha mwenyewe, na tangu siku hiyo hajanipigia tena kuniuliza habari za menyu.