Mtaalamu wa Waingereza Atua Maposeni

Mtaalamu alisimama mbele ya wanakijiji wa Maposeni akiwa na koti la sufu, jua la Oktoba likiwaka, kalamu tatu mfukoni. Mada: matatizo ya Waingereza. "Haya mambo," alianza, "yanahitaji mtu aliyeishi nao." Kuishi kwenyewe kulikuwa kubadili ndege Heathrow.

Sehemu kubwa ya hotuba ilikwenda huko: bei ya chai, na ule mlango wa kioo uliofunguka wenyewe "kwa kutambua ujio wangu."

Waingereza walipata dakika zao chache. Mfalme Henry VIII aligombana na Papa kwa sababu ya ndoa, mwaka 1534 akajitwalia ukuu wa kanisa, kisha akafunga monasteri. Binti yake, Mary I, akachoma moto Waprotestanti zaidi ya 200. Mwaka 1620 abiria 102 wa meli ya Mayflower wakavuka bahari kwenda Amerika, wengine kwa ajili ya imani, wengine kutafuta maisha.

"Ninyi hamyajui haya," alisema kwa huruma. "Hamjahama, hamjagombana kwa dini. Mmekaa tu."

Mmekaa tu! Aliwaambia Wangoni, ambao mababu zao walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakafika hadi Ufipa, na alipofariki wakagawanyika, wengine wakaishia huku Songea. Mayflower ilitumia siku 66. Safari hii ilikula miaka na miaka.

Na dini? Kibanda cha mahoka, mizimu ya mababu, cha Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, kilichomwa moto na mmisionari. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, misheni ya Peramiho nayo ikateketezwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakamnyonga Mputa pale Songea.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mjukuu wangu, hao watawa waliofukuzwa na Henry walikuwa wa shirika gani?"

"Wengi Wabenediktini, bibi," alijibu akivuta lafudhi.

"Kama hawa wetu wa Peramiho?"

Wako hapo jirani tangu 1898. Asubuhi ile ile mtaalamu alikuwa amekula mkate wao, akaongeza kipande.

"Swali zuri sana, bibi," alisema, akimtupia jicho mtendaji wa kijiji. "Ndiyo maana nilishauri semina hii iwe ya siku tatu, na posho ya siku tatu."