Mashine Mbeya

Yakhe, mie siombi makubwa. Nikae barazani hapa Chokocho, ninywe kahawa yangu, nimfunge mtu bao, basi. Sasa mwanangu aliyeko Maskati kaniletea mashine ya presha. Simu nilomuomba hakuleta. Kaleta mashine.

Ina masharti kuliko mganga wa pepo. Uwe hujanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa nzima. Haja ndogo uende kwanza. Mgongo uegemee kiti, miguu ikanyage chini, usikunje nne. Mkanda uvae kwenye ngozi, si juu ya shati, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Halafu utulie dakika tano, kimya! Nyumba ina wajukuu, ina majogoo, ina mke anayedai pesa ya gesi toka uani. Hizo dakika tano nikazitafute wapi, makaburini?

Basi nikapima vyangu, barazani, mkanda juu ya koti, kikombe mkono wa pili, nabishana kete zangu zimeibiwa. Ikatoka 168, chini yake 97, chini kabisa 74. Nikaishika ile 74. Ndogo, tamu. Nikatangaza: presha yangu 74, nyie je? Kitoto cha skuli kikaniambia, "Babu, hayo mapigo ya moyo. Presha ni zile mbili. Ya juu moyo ukisukuma damu, ya chini moyo ukipumzika." Baraza zima likacheka. Nikakiuliza nani kakituma.

Nesi naye ana yake. Ati kwake ikifika 140 kwa 90 imepanda, lakini ukipima nyumbani 135 kwa 85 tu imeshapanda. Mbona bei mbili? Kasema watu wakimuona nesi moyo hushtuka, namba zikaruka. Nikamwambia mie hushtukia nyumbani. Kacheka. Sikuwa nachekesha.

Kanipa daftari na kazi: asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, katikati ningoje dakika moja, wiki nzima. Za siku ya kwanza nizitupe, zilobaki nitafute wastani. Wastani! Mie na umri huu! Kwenye jambo moja tu hakutania: ikigonga 180 kwa 120, na kifua kinabana, au mkono umekufa ganzi, au ulimi mzito, nisikae nikipima tena, niende spitali mbio.

Mke wangu kapima mara moja, akiwa katoka kuchota maji: 116 kwa 74. Tangu hapo kawa daktari. Kaanza na ng'onda. Ati chumvi! Mpemba umnyime ng'onda, muhogo aushushe na nini? Naletewa muhogo mkavu, nautazama, unanitazama. Na majirani wanakuja kujipima bure, betri zangu. Kuna jirani mmoja ana mkono mnene, mkanda ukambana, namba ikaenda juu, akalia hapa kama kafiwa. Kumbe mkanda mdogo hupandisha namba. Nikaambiwa nimemroga.

Daftari la nesi nikalijaza siku moja, nimekaa zangu, hati nzuri. 120 kwa 80. 120 kwa 80. Pengine 119, isije ikanoga mno. Nikampelekea pamoja na mashine, nimevaa kofia ya Ijumaa. Akalisoma, akasema mashaallah. Halafu akaichukua mashine, akabonyeza kitufe pembeni. Zikamwagika zote! Tarehe, saa, namba. 161. 158. Jioni hamna kitu. Jioni nyingine hamna kitu. Mdude umeweka kila jambo tumboni, siku zote hizo uko kabatini umenyamaza, unajifanya hausikii!

Nesi hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Kalifunga daftari taratibu, akamkabidhi mke wangu, wakaanza kuzungumza wao wawili kunihusu, mie nimekaa katikati na mkono mezani, usawa wa moyo.