Injini ya Wifi

Kaka yangu alikuja kuoa akiwa kwenye likizo ya Jeshi la Marekani, na hesabu ya siku ndiyo iliyotutoa jasho kwanza. Alishinda grini kadi ya bahati nasibu akiwa bado kapera, akafika kule, akajiunga na jeshi, maana mwenye grini kadi anaruhusiwa, na kwa utumishi huo akapata uraia mapema kuliko wahamiaji wengine. Askari wao hupata siku 30 za likizo kwa mwaka. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka tangazo litolewe siku 21 kabla ya ndoa kufungwa. Ukitoa siku za ndege na mabasi, hapo hakuna harusi. Mama akavuka ziwa kwenda Muleba kumwangukia padri aanze kutangaza wakati bwana harusi bado yuko kambini Texas. Padri akakubali. Ndoa ikafungwa, kaka akarudi kambini, wifi akabaki nasi kisiwani Bumbire na cheti cha ndoa pamoja na injini ya boti waliyoinunua Mwanza kwa pesa za michango.

Mke wa raia wa Marekani hapangi foleni ya miaka kama ndugu wengine. Mumewe anajaza fomu I-130, basi. Ila lazima aonyeshe kwamba ndoa ni ya kweli, na hapo ndipo nyumba yetu ilipogeuka ofisi. Maofisa wa uhamiaji wanapenda kuona mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bima. Nani Bumbire ana mkataba wa nyumba? Tunaishi kwenye nyumba aliyojenga marehemu baba, na benki iko ng'ambo ya maji. Tukakusanya picha. Tukakusanya meseji za pesa alizotuma kaka. Picha kubwa ya harusi iliyokuwa ukutani mama alikataza isishushwe. Alisema kama wazungu wanaitaka waje waione hapo hapo, na hakuwa anatania. Wifi akaipiga picha ukutani ilivyo, na pembeni inaonekana kalenda ya parokia na mkono wa mama umeshika fremu.

Mimi ndiye niliyeikumbuka risiti ya injini. Ilikuwa na majina yao wawili, kwa sababu muuzaji aliandika "Bwana na Bibi" halafu wote wakatia sahihi. Na katika daftari la BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi pale mwaloni, boti iliandikishwa kwa jina la wifi. Yeye ndiye aliyelipa mafuta, akanunua taa za sola, akagawa mgao wavuvi walipotoka ziwani alfajiri. Kaka akituma pesa, zinaingia kwenye nyavu. Dagaa wakipatikana, hesabu inakwenda Texas kwa WhatsApp usiku huo huo. Ninasema kwa moyo wote kwamba sijaona ushahidi wa ndoa ulio wazi kuliko huo. Watu wawili wanaobishana kwa simu kuhusu bei ya petroli tangu mwezi uandame hadi mwezi ufe, hao ni mume na mke. Katibu wa BMU akaandika barua, akagonga mhuri, tukapeleka kila kitu.

Ombi lilikubaliwa. Sasa zikatakiwa hati zenyewe, na wifi hakuwa hata na pasipoti. Akafunga safari ya Bukoba na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kila aliyezaliwa kisiwani anajua kufunga hivyo. Upepo ukawakuta katikati ya maji, mawimbi yakaingia mtumbwini, na abiria mmoja akaichukua ile ndoo, akafungua mfuniko, akaanza kukumba maji. Nani wa kumlaumu? Walinusurika.

Mtumbwi uligeuza, ukarudi kisiwani. Mama akazianika zile karatasi zilizolowa pale pale tunapoanika dagaa, juu ya wavu, kila pembe na kijiwe chake, akakaa na fimbo kufukuza kunguru. Cheti cha kuzaliwa kilikauka vizuri, kikajikunja kidogo tu. Cheti cha ndoa kilikuwa kimejazwa kwa kalamu ya wino. Mhuri ulisambaa ukawa doa la zambarau, tarehe ikabaki nusu, na sahihi ya kaka ikaondoka kabisa. Wifi alilia kwa jambo hilo kuliko alivyolia kaka alipoondoka. Bahati njema, mfungishaji ndoa hupeleka nakala kwa Msajili Mkuu, kwa hiyo RITA, ofisi ya msajili huyo, waliweza kutupatia nyingine. Ilichukua muda, na ilipofika bado tulizitunza zote mbili.

Kisha pasipoti, ambayo kwanza inataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Mkoa wa Kagera unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na sisi wa huku tunaulizwa uraia kwa undani: babu alizikwa wapi, bibi alitoka ukoo gani. Tangu Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ule msako wa wahamiaji haramu, watu hawachezi na maswali hayo. Mama mzazi wa wifi akaletwa kutoka Kamachumu, akataja makaburi moja baada ya jingine mpaka karani akaweka kalamu chini. Likabaki tatizo la herufi. Jina la ubatizo lilikuwa na z kwenye cheti cha kuzaliwa na s kwenye cheti cha ndoa. Wakili akaandika hati ya kiapo kwamba hao ni mtu mmoja. Pasipoti ikalipiwa shilingi 150,000, zote za dagaa.

Wasichokijua maofisini ni mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, na wakati wa mbalamwezi wavuvi hupumzika. Huo ndio wakati mwenye boti anaweza kusafiri. Barua ya usaili ikaja ikitaja tarehe ya giza nene, uvuvi umeshika kasi. Wifi akanikabidhi daftari, akapanda basi la Bukoba hadi Dar es Salaam. Akapimwa afya kwa madaktari wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, akapigwa picha ya kifua, akachanjwa. Ubalozini aliulizwa kazi yake. Akasema ana boti, akaeleza mgao, mafuta na giza, na yule ofisa akamwachia aeleze hadi mwisho. Viza ikatoka.

Sasa yuko Texas, na pale kambini amesajiliwa kama mke wa askari kwa kile cheti cha RITA. Boti ninaiendesha mimi. Juzi katibu wa BMU ameniambia kwamba leseni inakaribia kwisha na daftari bado lina jina la wifi, hivyo anahitaji barua ya mwenye mali, imesainiwa mbele ya wakili huko aliko, na nakala ya pasipoti. Nimempigia. Ameniuliza kwanza dagaa wa wiki hii walikuwa ndoo ngapi, halafu ndipo akauliza barua iandikwe namna gani.