Ufunguo Usiende Kunywa Chai: Mwongozo kwa Anayekarabati Nyumba ya Wazee Bariadi

Kwanza tafuta ufunguo. Kabla hujaita fundi, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, simama mbele ya jengo unalotaka kuligeuza makazi ya wazee, uulize kwa sauti: saa nane ya usiku, ufunguo wa mlango huu unakuwa kwa nani? Ukijibiwa uko kwa mlinzi, uliza mlinzi yuko wapi. Ukijibiwa amekwenda stendi kunywa chai, basi na ufunguo nao umekwenda stendi kunywa chai, na wazee ishirini wamebaki ndani. Umeshajua ukarabati wako unaanzia wapi.

Mwongozo huu ni wako wewe mtu wa Bariadi, au wa Maswa, Mwanhuzi, Lagangabilili na Lamadi, uliyepata ghala la pamba lililoachwa, au nyumba kubwa ya urithi, au bweni chakavu, ukasema moyoni: hapa watakaa wazee waliopotewa na kumbukumbu. Mungu akubariki. Tangu mkoa wa Simiyu uzaliwe mwaka 2012, na kabla yake, wazee wetu tumewatunza majumbani. Makazi ya serikali yaliyo jirani ni Kolandoto kule Shinyanga, Bukumbi kule Misungwi na Nyabange mkoani Mara. Nia yako ni njema, lakini moshi hausomi nia. Nitakutania humu bila kukuhurumia, kwa sababu nawaogopea wazee wako kuliko ninavyoogopa kukuudhi.

Sasa kufuli. Najua kwa nini limewekwa. Bibi mwenye demensia, huu ugonjwa wa kusahau unaokula akili polepole, huinuka jioni akatafuta njia ya kijiji alichohama miaka hamsini iliyopita. Alfajiri anakutwa amesimama katika mji wa watu, anaongea na marehemu dada yake. Kwingine hilo ni jambo la kumpa uji na kumrudisha kwao. Usukumani tumewahi kuua vikongwe kwa dhana ya uchawi, tukitoa ushahidi wa macho mekundu, na macho hayo yalipakwa wekundu na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, vitu ambavyo bibi hao walitupikia navyo maisha yao yote. Kwa hiyo familia inayofungia mlango inaogopa mambo mawili: bibi asitoke, na mwenye panga asiingie. Hofu hiyo siicheki.

Ninayemcheka, tena kwa meno yote, ni mtu anayejibu hofu hiyo kwa kufuli tatu, geti la chuma, nondo kila dirisha, kisha funguo zote kumi na tisa akazitia kwenye kamba moja ya katani bila alama hata moja. Mtu huyo, moto ukiwaka, atasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyesahau jibu: huu siyo, huu siyo, labda huu. Moshi hauna subira ya mitihani.

Tumeshaonyeshwa matokeo yake katika mabweni ya shule yaliyoungua, na tukalia, na tukaendelea kuchomelea nondo. Shauritanga, Rombo, Juni 1994, walikufa wasichana zaidi ya arobaini. Kyanguli, Machakos nchini Kenya, Machi 2001, wavulana 67, mlango mmoja wa bweni umefungwa na madirisha yana nondo. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto wasiopungua 10. Wote hao walikuwa na miguu myepesi na akili inayojua moto ni moto. Mwaka 2022 ikafika zamu ya shule ya wasioona ya Salama, Mukono nchini Uganda, na 11 wakafa. Sasa weka mahali pao babu wa miaka themanini na mbili, mwenye fimbo, ambaye akisikia kelele hujifunika blanketi.

Basi mwambie fundi hivi. Nondo za madirisha ziwe na bawaba, zifunguke kwa ndani bila ufunguo. Mlango wa kutokea ufunguke kuelekea nje, na upana wake upitishe kiti cha magurudumu pamoja na mtu anayekisukuma. Fundi akikuletea futi ya mkononi, wewe mletee kiti chenyewe. Ukiwa na fedha, funga kufuli za umeme zinazojiachia zenyewe kengele ya moto inapolia au umeme unapokatika. Ukiwa huna, weka komeo lisilohitaji ufunguo, mahali ambapo mzee aliyechanganyikiwa hatapatafuta, kwa mfano juu kabisa ya mlango, na kila mhudumu, na mpishi, na mfua nguo, alifungue gizani mbele yako. Mlango upake rangi ileile ya ukuta, usimwite mzee atembee; kibao cha njia ya kutokea kibaki juu yake kwa ajili ya wahudumu na waokoaji.

Mlango huo utokee uani, kwenye uzio, penye kivuli na njia inayozunguka kurudi palepale, mzee atembee anavyotaka na bado awe nyumbani. Hapa ndipo hofu zote mbili zinapotibiwa bila kufuli la chumbani. Ila ua wenyewe uwe mpana, watu wote waweze kusimama mbali na ukuta unaoungua, na geti lake lifunguke. Ua mwembamba uliobanwa na jengo ni sufuria yenye mfuniko wa bati.

Nikuulize jambo lingine: umewahi kupanda juu ya dari? Panda. Chukua tochi, omba ngazi, panda mwenyewe. Katika nyumba zetu nyingi utaona kuta za vyumba zimeishia usawa wa dari, na kutoka hapo mpaka kwenye bati ni ukumbi mmoja mrefu, mweusi, wenye mbao kavu, nyaya na viota vya ndege. Chini umegawa vyumba kumi na viwili kwa fahari kubwa, umeviandikia namba. Juu moto umepewa chumba kimoja, na haulipi kodi. Utaanzia jikoni na kudondokea chumba cha mwisho wakati wahudumu bado wanaulizana nini kinanuka.

Kazi ya maana kuliko rangi zote utakazochagua ni kugawa jengo kanda mbili au tatu kwa kuta za tofali zinazopanda mpaka kugusa bati, zisizoachwa tundu hata la waya. Kati ya kanda na kanda weka mlango mzito wa mbao ngumu unaojifunga wenyewe kwa springi. Moto ukiwaka upande mmoja, mhudumu hana haja ya kuwatoa watu wote nje kwa dakika tatu, jambo ambalo halitawezekana hata akiwa na mabawa. Anawavusha wachache walio karibu na moto hadi kanda ya pili, anafunga mlango, kisha anaendelea kutoka hapo. Asiyeweza kutembea analazwa kwenye blanketi na kuburuzwa. Sakafu laini isiyo na vizingiti humsaidia mhudumu mdogo kumvuta mtu mzito.

Usiku wa Januari 23, 2014, katika kijiji cha L'Isle-Verte huko Quebec, Kanada, nyumba ya wazee iliwaka, na watu 32 wakafa. Jengo lile lilikuwa na sehemu mbili. Ya zamani iliteketea yote. Ile iliyoongezwa baadaye, yenye vinyunyizio vya maji darini na ukuta wa kuzuia moto kati yake na ya zamani, ilibaki imesimama. Nchi tajiri, theluji kila mahali, na bado tofauti ya kufa na kupona ilikuwa ukuta na maji. Miaka kumi kabla yake, Januari 2004, moto ulioanzia kabatini penye swichi za umeme uliua wazee 14 katika nyumba ya Rosepark, Uskoti. Wengi wao milango ya vyumba vyao ilikuwa wazi, moshi wa korido ukaingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo usiku milango ya vyumba vya kulala ifungwe kwa kitasa bila ufunguo. Anayeogopa kumwacha mzee peke yake apite kumtazama mara kwa mara. Hiyo ndiyo zamu.

Sitakaa sana kwenye umeme, maana hapa ubishi huwa mfupi. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Yule kijana hodari anayeunga waya kwa meno na kufunika kwa mfuko wa rambo, mpe chai, mshukuru, mrudishe kwao. Meni swichi isikae kwenye njia ya kutokea, wala kabati lake lisigeuzwe stoo ya magodoro. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na moshi huo humfikia mzee kabla ya ndimi za moto. Dari za plastiki nazo ziache zilipo dukani. Zikiungua hudondoka kama mvua. Jipsamu huvumilia kwa muda.

Sasa tuje kwenye siku za kazi yenyewe, kwa sababu jengo huwa hatarini zaidi likiwa katikati ya kufanywa salama. Fundi atakuambia, "Bosi, wazee wabaki tu humohumo, sisi tunafanya upande huu." Mwambie sawa, lakini kwanza jengeni ukuta wa muda kati yenu na wao, na msiuzibe mlango wa kutokea kwa mifuko ya saruji. Atakuambia, "Tunauziba kidogo tu." Mwambie mzee naye ataungua kidogo tu? Atafunika kengele za moshi kwa nailoni ili vumbi lisizilize, na jioni ataondoka bila kuzifunua. Zifunue mwenyewe kila jioni, kwa mkono wako, ukizihesabu. Na anapochomelea chuma, cheche huruka mbali, hujificha kwenye maranda na pamba za zamani zilizokwama kwenye nyufa za ghala, na huweza kukaa kimya saa nzima kabla ya kuamka. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kukaa pale na ndoo za maji na mtungi wa kuzimia, mpaka saa nzima ipite baada ya fundi kuzima mashine yake. Rangi, tina na mitungi ya gesi vilale nje ya jengo.

Kabla ya hayo yote, michoro yako ipite Halmashauri na ipite Zimamoto. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa maofisa wake mamlaka ya kukagua jengo lako. Kuna watu wakisikia mkaguzi anakuja hufunga geti na kuzima simu kama wadaiwa wa kikoba. Wewe mwite mapema, michoro ikiwa bado karatasi, kwa sababu kufuta mstari kwa kalamu ni rahisi kuliko kubomoa ukuta uliokwisha kupigwa lipu. Muulize gari lake litapita wapi, litageukia wapi, litachota maji wapi. Weka tangi la maji ya kuzimia moto peke yake, lisilofuliwa nguo wala kunyweshwa ng'ombe. Namba 114 iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na ipigwe mara kengele inapolia, siyo baada ya kuzunguka vyumba vyote kutafuta moto uko wapi. Mtungi wa kuzimia ukae koridoni unapoonekana. Niliwahi kuonyeshwa mmoja ukiwa umefungiwa ofisini, usiibwe.

Sasa nije kwa wazee wenyewe, ambao katika michoro huwa ni vitanda tu. Kengele ikilia, mwenye demensia hajui ni kengele. Anaweza kudhani ni msiba, au ni ndoto, akarudi kulala. Ugonjwa huu hufuta mambo ya karibu kwanza na kuacha ya zamani, na lugha zilizojifunzwa ukubwani mara nyingi hutangulia kuondoka. Bibi aliyezungumza Kiswahili sanifu sokoni miaka arobaini anaweza kubakiwa na Kisukuma cha mama yake. Kibao chako cha "MLANGO WA DHARURA" hakimwambii kitu. Kinachomwambia kitu ni mtu anayemfahamu, anayemshika mkono na kumwita mayu, yaani mama, kwa sauti ya chini, wakaondoka kama wanaokwenda kisimani. Ajiri watu wanaokijua Kisukuma. Zamu ya usiku isiwe ya mtu mmoja. Na mazoezi yafanyike usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu ukifanya saa nne asubuhi wageni wakiwepo utakuwa umejifunza kupiga picha.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mchoro utakaokuonyesha. Mzee wa Kisukuma amekulia shikome, moto wa uani ambao wanaume waliuzunguka jioni, vijana wakafundwa, ng'ombe wakahesabiwa kwa midomo. Kumbukumbu zake zikimwishia, hiyo huwa miongoni mwa za mwisho kuondoka. Usiku baridi ikimshika ataamka akusanye magazeti, kandambili, mguu wa kiti, na atafute kiberiti, kwa sababu wageni wanakuja na moto haujawashwa. Unaweza kumnyang'anya kiberiti, na umnyang'anye. Lakini usiishie hapo. Katikati ya ua, mbali na ukuta na mbali na nguo zilizoanikwa, chimba duara, lizungushie mawe, weka ndoo mbili za mchanga, na kila jioni mhudumu awashe moto mdogo akae nao mpaka uzimike. Viti vipangwe upande usiopulizwa moshi. Macho ya hawa bibi yameshakula moshi wa kutosha. Yule babu anayeamka usiku mpe kazi ya kuwaambia wengine moto umekolea.