Mgeni wa Miguu

Mji wa Franklin, ulio maili 20 hivi kusini ya Nashville katika jimbo la Tennessee, uliasisiwa mwaka 1799 ukapewa jina la Benjamin Franklin, bwana ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki kwa miaka tisa, na kwa hiyo hakupata nafasi ya kuikubali wala kuikataa heshima hiyo. Kwa zaidi ya karne moja na nusu ulibaki mji mdogo wa mahakama na soko la mazao, wenye uwanja katikati, barabara kuu moja, makanisa kadhaa, na mto Harpeth upitao kando yake bila ya haraka. Kisha ikaja barabara pana ya magari itokayo Nashville, likaja na soko kubwa la ndani lililofunguliwa mwaka 1991 mahali paitwapo Cool Springs, yakafuata makampuni na maofisi yake, hata Nissan ikahamishia huko makao yake makuu ya Marekani; na mji uliohesabiwa watu elfu 12 na ushei mwaka 1980 ukahesabiwa watu zaidi ya elfu 83 mwaka 2020. Lau mtu angalilala pale usingizi wa miaka arobaini, siku ya kuamka angalidhani amehamishwa na majini.

Miongoni mwa hao walioongezeka ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku Nashville na hulala Franklin mchana. Aliniandikia kwamba anakaa katika mji wa kale wenye tarikhi kubwa, nami, niliyefundisha tarikhi katika shule za Tanga hata nikastaafu, nilifunga safari kwa matumaini ya kuamka asubuhi, kuvaa kanzu na kofia yangu, kushika bakora, na kupita mbele ya baraza za watu nikisalimu na kusalimiwa, maana mimi siujui mji mpaka nimeupita hivyo. Mpwa wangu hakunidanganya. Mji wa kale upo, na tarikhi ipo tele. Alilosahau kunieleza ni kwamba baina ya nyumba yake na mji huo pana maili 3 ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya miguu ya binadamu.

Nyumba za mtaa wake ni za matofali mekundu, na zinafanana kama vitumbua vilivyotoka katika chuma kimoja. Mchana kutwa humwoni mtu nje. Gari linapokaribia nyumba yake, mlango mpana hujiinua wenyewe, gari likamezwa, mlango ukajishusha, na mwenye gari hukumwona hata uso. Kwa hiyo niliwajua majirani wa mpwa wangu kwa rangi za magari yao, nikawa nasema moyoni, leo Bwana Buluu amechelewa, Bibi Mwekundu hakwenda kazini. Jioni moja nilitoka kunyoosha miguu hadi pembeni mwa njia, nikarejea mlangoni, nikatia ufunguo katika kitasa, na kitasa kikakataa. Nikakishawishi kwa subira, kulia na kushoto, nikakisomea na Bismillahi, mpaka mbwa alipobweka ndani kwa sauti nzito, ndipo nilipokumbuka kwamba mpwa wangu hafugi mbwa.

Mara ya kwanza kuuona mji wa kale nilipelekwa kwa gari siku ya Jumamosi, na muda tuliotumia kutafuta mahali pa kuliweka gari hilo ulitosha mtu kuuzunguka mji wote na kusali rakaa mbili. Lakini ni mji mzuri, sisemi uongo. Maduka ya matofali yamehifadhiwa kwa mapenzi makubwa, jumba la senema la mwaka 1937 bado lina taa zake kibarazani, na kiwanda cha zamani cha majiko kimegeuzwa kuwa maduka na mikahawa. Katikati ya uwanja pana nguzo ndefu yenye sanamu ya askari wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliyosimamishwa mwaka 1899, na ukingo wa kofia yake umemeguka kipande, nao wenyeji kwa ajili ya kipande hicho wamempa jina la utani. Kwa zaidi ya miaka 100 askari huyo alikuwa msemaji wa peke yake. Mwaka 2019 viliwekwa kumzunguka vibao vinavyoeleza mambo ambayo yeye hakuyasema, likiwamo la watu weusi waliouzwa mbele ya mahakama ya mji; na mwaka 2021, mbele ya mahakama hiyo ya kale, ikasimamishwa sanamu ya shaba ya askari mweusi wa jeshi la Muungano. Nilisimama kwa muda mrefu zaidi mbele ya kibao cha mnada, maana mtu aliyezaliwa baina ya Pangani na Bagamoyo hahitaji mfasiri wa habari hiyo. Mpwa wangu aliniacha nisome, kisha akanishika mkono, akasema, “Mjomba, twende tukale.”

Tukaingia katika mkahawa wa chakula cha kienyeji, ambako kanuni ni kuchagua kitoweo kimoja na mboga tatu katika orodha ndefu. Kitoweo hakikunitaabisha: nilichagua kambare aliyekaangwa kwa unga wa mahindi, samaki asiyehitaji fatwa. Taabu ilikuwa katika mboga. Nilimwuliza binti mhudumu, aliyekuwa na adabu njema kupita kiasi, kama mboga za majani zimepikwa na nyama, akaniapia kwamba hazina nyama kabisa, ni kipande cha nguruwe tu cha kuleta ladha. Maharage je? Vivyo hivyo. Kunde? Kunde nazo bila ya nguruwe haziliki, bwana. Alipoona uso wangu unavyosawijika alifanya shauri na mpishi, akarudi na furaha kubwa kunijulisha kwamba iko mboga moja salama, nayo ni makaroni ya jibini. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaitazama orodha, na wallahi, makaroni yameandikwa katika safu ya mboga, baina ya kabichi na bamia, yametulia pale bila ya wasiwasi wowote. Kwa kuwa nilikuwa na haki ya mboga tatu, nililetewa makaroni mara tatu katika vibakuli vitatu.

Nikaomba chai. Ikaja bilauri ndefu iliyojaa barafu, na sukari kiasi cha kuwatosha watu wa arusi. Nilimwambia yule binti kwa upole kwamba chai yangu imepoa. Akasikitika sana, akaomba radhi, akaiondoa, akaniletea nyingine yenye barafu zaidi.

Sasa nieleze kadhia ya safari yangu ya miguu. Niliondoka asubuhi, wakati mpwa wangu amelala baada ya zamu yake na mumewe amekwenda kazini, na mwanzo wa safari ulikuwa wa kutia moyo, maana mbele ya nyumba kulikuwa na njia ya waendao kwa miguu, ya saruji, safi, iliyonyooka. Nilipofika mwisho wa mtaa njia hiyo ilikoma ghafla katika nyasi, bila ya sababu wala taarifa, na hatua mia mbele yake nikaiona nyingine inaanza vivyo hivyo, katikati ya nyasi, mbele ya benki. Baadaye mume wa mpwa wangu alinifafanulia kwamba kila mwenye kujenga hulazimishwa kutengeneza njia mbele ya kiwanja chake, wala halazimishwi kuiunganisha na ya jirani, kwa hiyo njia zipo nyingi, ila haziendi popote. Asubuhi ile sikuwa na ufafanuzi huo. Nilivuka nyasi, nikaipata njia ya benki, nikaipoteza. Nikapita ukingoni mwa mtaro na kanzu nimeikunja mkononi, huku magari yakinipita kwa kishindo na upepo wake ukiivutia kofia yangu Alabama.

Kabla sijafika mbali gari kubwa lilisimama, bibi mmoja mwenye miwani akateremsha kioo na kuniuliza gari langu limeharibikia wapi. Nikamwambia sina gari, naenda mjini, natembea. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nina watu wa kuwapigia simu. Alipoondoka akasimama kijana, akanipa chupa ya maji na kunitakia baraka za Mungu, nami nikazipokea, kwani baraka hazirudishwi. Nikaanza kuona kwamba katika nchi ile mtu mzima aendaye kwa miguu kando ya barabara yumo katika moja ya hali tatu: ameharibikiwa na gari, ameharibikiwa na mambo, au ameharibikiwa na akili, na kwamba watu wale, kwa wema ambao siwezi kuulaumu, walikuwa wakijadiliana nafsini mwao mimi niwekwe katika hali ipi.

Hatimaye mwema mmoja, sijui nani, alipiga simu. Likaja gari la polisi, likawasha taa zake zote kwa ajili yangu, akashuka askari kijana aliyeniita bwana katika kila sentensi, mwanzoni na mwishoni.

“Bwana, unakwenda wapi, bwana?”

“Mjini, mwanangu. Nautazama mji.”

“Gari lako liko wapi, bwana?”

“Nimekwambia natembea.”

Akanyamaza kidogo, akaitazama kanzu, akaitazama bakora, akaitazama barabara iliyokuwa mbele yangu, ambayo kwa kweli ilikuwa inapanda juu ya daraja la barabara kuu lisilo na nafasi ya mguu wa mtu. Akasema hakuna sheria niliyoivunja, lakini hataweza kulala usiku akiniacha pale, atanirudisha nyumbani. Nilimwona mkweli, nikaingia.

Nilipofikishwa sikutoka garini mwenyewe, bali nilitolewa, kwa sababu milango ya nyuma ya magari ya polisi haifunguki kwa ndani. Mpwa wangu alitoka mbio amejitanda khanga, macho mekundu kwa usingizi, na kwa nguvu ya malezi akaanza na “Shikamoo, mjomba,” ndipo akapiga ukelele. Milango ya majirani, ambayo sijawahi kuiona ikifunguka, ilifunguka yote. Nikamwona Bwana Buluu ana tumbo na Bibi Mwekundu ana mvi, nikamwona hata mbwa niliyembwekesha. Yule askari alinipa mkono mbele ya kadamnasi, akaondoka. Na tangu adhuhuri hadi magharibi kengele ya mlango haikupumzika. Majirani walikuja mmoja mmoja na pai za njugu za pikani, na keki ya limau, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa na biskuti, kila mmoja akitaka kujua hali ya mzee na, kwa mbali, alichokamatiwa. “Mjomba,” mpwa wangu aliniambia, akihesabu sahani, “mimi hapa nina miaka, na hawa wote leo ndio nimewajua majina.”

Katika hao alikuwamo mzee mwenzangu, mjane, mwenyeji wa mji tangu ungali mdogo, ambaye aliposikia kwamba nilikuwa natafuta tarikhi aliapa kunionyesha yeye mwenyewe, na kesho yake akanipakia katika gari lake. Tarehe 30 Novemba 1864, siku jeshi la Kusini lilipopigana na jeshi la Muungano mjini hapo, ameihifadhi saa kwa saa. Alinipeleka katika nyumba ya akina Carter, ya mwaka 1830, ambako familia na majirani walijificha chini ya nyumba kwa muda wa saa tano za vita, na akanionyesha kibanda cha mbao ambacho kuta zake zimetobolewa na risasi hata mwanga unapita. Akanieleza tundu lipi liliingia na lipi lilitoka. Alinisimulia habari ya Tod Carter, kijana wa nyumba hiyo, ambaye hakuwa amerudi kwao kwa zaidi ya miaka mitatu, akapigwa risasi akiwaona kwao kwa macho, akaletwa ndani, akafia humo. Hapo hakuna aliyecheka kati yetu.

Kisha tukapanda gari, tukavuka barabara, tukashuka, mwendo ambao sikupata hata muda wa kufunga mkanda. Hapo pana bustani ndogo yenye mnara, karibu na mahali alipouawa Jenerali Patrick Cleburne, mmoja wa majenerali sita ambao jeshi la Kusini liliwapoteza katika vita hivyo. Na juu ya ardhi hiyo, kwa miaka mingi, palikuwa na mkahawa wa Pizza Hut, mpaka wapenda tarikhi walipochanga fedha, ukanunuliwa, na ukabomolewa mwaka 2005. Mzee alikiri kwamba alikuwa akila hapo kila Ijumaa, na kwamba alichanga fedha za kuubomoa kwa moyo mmoja, akausikitikia kwa moyo mwingine.

Akaelekeza kidole upande wa kusini, vilimani, ambako Jenerali Hood wa jeshi la Kusini aliwapanga askari wake jioni ile, akawaamuru kuuendea mji katika uwanda mtupu wa karibu maili 2. Nikauliza walifikaje.

“Kwa miguu,” alinijibu, huku akiwasha gari kutupeleka upande wa pili wa bustani, “na unaona yaliyowapata.”