Foleni Imehamia Chwele

Ukimpigia simu mtu wa Bungoma siku hizi akakwambia yuko kwenye foleni ya uhamiaji, usidhani ameshafika Nairobi. Huenda ameketi kwao chini ya mwembe, chaji imebaki asilimia sita, stima imepotea tangu asubuhi, naye anambembeleza ajuza mmoja avue kitambaa cha kichwa ili apigwe picha. Foleni ni hiyo. Zamani watu walipanga mstari mbele ya afisa mwenye muhuri. Sasa wanapanga mbele ya yule jamaa mmoja wa ukoo anayesemekana anajua simu.

Katika ukoo wetu jamaa huyo ni mimi. Nafundisha mjini Kitale, Trans Nzoia, na kwetu ni upande wa Chwele, Kaunti ya Bungoma. Kwa watu wangu, mwalimu ni yeyote awezaye kusoma maandishi madogo bila kuisogeza simu mbali na uso. Ndiyo maana kila anayeondoka, na kila anayekuja, hupitia kwangu kabla hajapitia kwa serikali yoyote.

Programu zenyewe za kujaza fomu za mipakani kwa simu ni nzuri, tusizisingizie. Wamarekani walianza na ya kwao mwaka 2014 katika uwanja wa Atlanta: unaweka pasipoti yako kwenye simu ukiwa bado nyumbani, ndege ikitua unajipiga picha, unajibu maswali ya forodha, unapeleka, kisha unafuata njia yako ya pekee. Leo inaitwa Mobile Passport Control, ni ya bure, na simu moja inaweza kubeba familia ya watu 12. Sisi nasi hatukubaki nyuma. Desemba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni wa Kenya hatahitaji viza. Wageni wakapiga makofi, kisha wakaambiwa wajaze kibali cha kusafiri cha kielektroniki, eTA, walipie dola 30, na wafanye hivyo walau siku tatu kabla ya safari. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakasamehewa, na Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaamua kuwasamehe karibu Waafrika wote.

Shemeji yangu na wanawe hawakuwa katika msamaha wowote. Kaka yangu mkubwa anaishi Marekani, ameoa huko huko, na mwaka 2024 aliapa kwamba watoto wake hawatakua bila kuona Agosti ya Wabukusu. Kwetu vijana hutahiriwa kila mwaka wa shufwa, na Agosti ikifika, usiku hakulaliki kwa milio ya chinyimba, kengele za watahiriwa. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, mtoto wa Mkenya ni Mkenya hata akizaliwa mwezini. Lakini kule uwanjani hawafungui Katiba, wanafungua pasipoti, na pasipoti za wale watoto zina picha ya tai. Ikabidi wajaze.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa tovuti yenyewe. Shemeji alitafuta mtandaoni, akaangukia ukurasa wenye bendera ya Kenya, simba, mlima, na bei iliyokaribia mara tatu ya ile ya serikali. Kumbe wajanja wamejaa humo: wanakujazia fomu ile ile, kisha wanakutoza kana kwamba wamekubeba mgongoni. Nikamwambia atafute anwani inayoishia na go.ke, aachane na simba. Serikali yetu ina mambo yake, ila kwa bei hii ilikuwa rahisi.

Kisha likaja swali la malazi.

"Shemeji," akaniambia kwa simu, "inauliza tutalala wapi."

"Andika nyumbani."

"Inataka barabara na nambari ya nyumba."

Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika, na Mama alikuwa karibu akichambua mrenda. Akaona tunapoteza muda kwa jambo jepesi. "Mwambie aandike washuke sokoni Chwele, waulize kwa mzee wa ng'ombe mweusi. Hata mtoto mdogo atawaleta."

Ng'ombe mweusi mwenyewe aliuzwa zamani kulipa karo, lakini anwani ilibaki. Nikajaribu kumweleza Mama kwamba huko wanataka kitu kinachoweza kuthibitishwa. Akaniuliza ni nani Chwele nzima asiyeweza kuthibitisha. Nilikosa jibu. Mwishowe niliandika barua ya mwaliko, Mzee akaisoma mara mbili kama hati ya shamba, akauliza kama kuna mtu atakayeitumia kuchukua mkopo, ndipo akatia sahihi. Nikaipiga picha mlangoni, kwa sababu ndani hakukuwa na mwanga, na kuku mmoja akapita. Ukiitazama vizuri ile barua, chini ya sahihi ya Mzee kuna mguu.

Ikapita. Vibali vilikuja kwa barua pepe, nao walipofika Nairobi hawakukawia dirishani. Ule muda waliouokoa uwanjani waliutumia wote Timboroa, nyuma ya lori lililobeba mbao.

Upande wa forodha ndio ulimtia mkubwa wangu jasho. Novemba 2023 mamlaka ya ushuru ilitukumbusha kwamba vitu vya msafiri vilivyozidi thamani ya dola 500, kama shilingi 75,000 za wakati ule, vilikuwa vikitozwa kodi, na nchi nzima ikapiga kelele mitandaoni. Naye alikuwa amebeba raba za ukoo mzima, kila jozi na jina lake. Alipofika Nairobi akatangaza alichonacho, akaulizwa maswali mawili matatu, akapita. Ukaguzi wenyewe aliukuta nyumbani. Senge, dada yake Mzee, hana mashine ya eksirei wala hahitaji. Alifungua sanduku kwenye mkeka sebuleni, akatoa jozi moja moja, akakadiria thamani, akauliza kwa nini ya fulani ina soli nene kuliko yake, akatwaa mbili papo hapo. Kwake Senge hakuna fomu ya rufaa, na programu ya kumharakisha bado haijaundwa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Mama kwenda kuwaona wajukuu. Viza ya matembezi akapata, na mwanawe akaja kumchukua ili asafiri naye. Jioni moja tukaketi kuipitia ile programu ya Wamarekani, mimi nikisoma, mkubwa wangu akijibu, Mama akisikiliza huku akifunga mizigo. Maswali ya forodha ya nchi ile ni marefu. Una fedha za zaidi ya dola 10,000? Mama akacheka hadi akakaa chini. Umebeba matunda, mbegu, nyama, wadudu? Akaacha kucheka. Umekuwa shambani, au karibu na mifugo?

"Wanamuuliza nani?" Mama akataka kujua.

"Kila msafiri."

"Wanadhani mtu wa huku anakuwa wapi?"

Hapo nilimuunga mkono. Nafanya kazi Kitale, mji ambamo kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzia mwaka 1956, ambako ukitoka benki unapishana na trekta, na hata daktari akipiga simu huanza na bei ya mahindi. Kumuuliza mtu wa Trans Nzoia au Bungoma kama amekuwa karibu na mifugo ni kumuuliza kama amekuwa karibu na hewa. Ng'ombe wetu alikuwa akichungulia dirishani wakati huo huo swali likisomwa. Tukaamua kwamba jibu la haki ni ndiyo.

Kisha tukaukagua mzigo wa Mama: mrenda uliokaushwa, omena, njugu karanga, na kuku wa kienyeji aliyekaangwa akakauka hadi akawa na sauti ukimgonga. Nikamweleza kwamba kuku huyo atazua maneno. Akasema amemlea mwenyewe, anajua tabia yake. Nikamweleza tena kwamba kosa kubwa kule ni kunyamaza: ukisema umebeba, wataangalia, na kisichoruhusiwa watakitwaa yaishe, ukificha, unalipa faini. "Basi semeni," akaamua. "Kuku wangu si bangi."

Yaliyofuata nimeyapata kwa mkubwa wangu, ambaye mpaka leo huyasimulia bila kucheka. Ndege ilipotua alitaka kutumia programu, akakuta simu iko hoi. Mama alikuwa ameiomba usiku, kule juu mawinguni, amulike kiatu kilichoingia chini ya kiti, na tochi haikuzimwa. Akatafuta pa kuchajia huku abiria wenzake wakimpita na makaratasi yao, wale ambao simu zao zilikuwa nzima na wale wasio na habari na programu yoyote. Simu ikafufuka. Akajipiga picha, akajibu, akapeleka, akapewa njia ya haraka. Hapo akakumbuka jambo ambalo lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo. Ile njia ni ya raia wa Marekani, wenye makazi ya kudumu kama yeye, na wageni wa mataifa yaliyochaguliwa. Mwenye viza ya matembezi kutoka Chwele hayumo.

"Tangulia, papa," Mama akamwambia. "Kaangalie mizigo isije ikaibwa."

Akatangulia. Akapita kwa dakika chache, akafika kwenye mkanda wa mizigo, akasimama hapo saa nzima akimsubiri mama yake. Alikuwa amewahi, ila hakuwa na pa kwenda.

Mama kule kwenye foleni ndefu hakuwa na shida yoyote. Mbele yake alisimama mwanamke Mmasaba kutoka Mbale, Uganda, na Mmasaba na Mbukusu wakikutana hawahitaji mkalimani. Hadi wanafika dirishani walikuwa wameshafuatana ukoo mpaka Mlima Elgon, wakagundua kwamba ni ndugu, na yule wa Mbale ndiye aliyemsaidia Kiingereza kwa afisa. Mama alitoka akiwa na nambari ya simu, mwaliko wa harusi, na furaha ambayo mwanawe hakuwa nayo.

Walipokutana tena kwenye mizigo wakamkuta mbwa. Wamarekani wana kikosi cha mbwa wadogo wa aina ya beagle, kilichoanza mwaka 1984 katika uwanja wa Los Angeles, kazi yao ni kunusa vyakula mizigoni. Mbwa huyu, amevaa kikoti, alifika kwenye begi la Mama akaketi chini kwa adabu. Kuketi ndiyo lugha yake ya kusema hapa kuna kitu. Mama akasema kabla hajaulizwa: "Ni kuku." Wakamtwaa kuku, wakamwachia omena na mrenda, faini hakuna, kwa kuwa alikuwa ametangazwa. Mama aliponipigia, hakulalamikia foleni wala afisa. Kilichomshangaza ni kwamba kwetu mbwa akinusa kuku wa wenyewe anakula fimbo, na huko anapewa biskuti.

Basi mtu akiniuliza kama programu hizi zinaharakisha safari, namwelekeza kwanza Lwakhakha, ambako Bungoma inapakana na Uganda. Tangu Januari 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka ya nchi hizi kwa kitambulisho tu. Kule Busia, marais Kenyatta na Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja Februari 2018: maafisa wa nchi mbili wakaketi chini ya paa moja, na msafiri aliyekuwa akikaguliwa ng'ambo zote mbili akakaguliwa mahali pamoja. Mfanyabiashara wa Chwele anayefuata bidhaa Uganda hakupakua programu yoyote ili apate nafuu hiyo. Wakubwa walikubaliana kupunguza maswali, foleni ikafupika yenyewe.

Simu haipunguzi swali hata moja. Inakuuliza yale yale, ila inakuuliza mapema, ukiwa kwenu, kwa bando lako, na ukikosea hakuna afisa wa kukuonea huruma. Afisa uwanjani anafanya kazi kwa dakika chache kwa sababu kuna mtu Chwele aliyefanya kazi hiyo jioni nzima. Anayeiandaa vizuri, inamfaa sana. Anayeikumbuka ndege ikiwa imeshatua, heri apange foleni na akina mama, atapata ndugu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na safari au ukingoja wageni, jaza fomu wiki moja kabla, na uhakikishe tovuti ni ya serikali yenyewe. Soma kwanza programu inamhusu nani kabla hujaipakua. Taja kila chakula, hata kile unachodhani hakina harufu. Chaji ya simu ilinde, tochi ikae kwa mwingine. Na kama ukoo wenu una mwalimu wa simu, mnunulieni bando. Serikali zote anazozifanyia kazi hazimlipi.