Sifa za Mota Isiyotulia

Mota ya servo inayotetemeka haijapata wa kuisifu. Wanaogeuza mashine ya milingi ya kuzungushwa kwa mkono iwe CNC, yaani iongozwe na kompyuta, huisema vibaya tangu siku ya kwanza: inalia, inapita pale ilipotumwa, inarudi, inapita tena, na hata ikifika haikai. Naona imeonewa, na leo naitetea.

Mpinzani wake, stepa, mota inayokwenda kwa hatua, anapendwa kwa sababu hasumbui. Huyo ni mtumishi wa "ndiyo bwana". Mtume hatua mia, mzigo umshinde njiani, hatasema neno. Utajua mwenyewe ukishika alumini iliyoharibika. Servo haina unafiki huo. Enkoda, kihesabio cha mzunguko, yenye mistari 500 huipa hesabu 2000 kwa kila mzunguko, na draivu ya Gecko G320, ambayo wapenzi wa kazi hii wameitumia kwa miaka, ikiona mota imeachana na amri kwa hesabu 128 tu hukata kazi papo hapo. Kwa skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kosa hilo ni theluthi ya milimita. Nitajieni kiongozi aliyejiuzulu kwa dogo kuliko hilo.

Nasaba yake nayo ni ya heshima. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi aliyehamia Marekani kutoka Urusi, aliandika jinsi meli inavyoweza kujiongoza yenyewe, baada ya kuwachunguza washika sukani. Aliona hawatazami tu meli imepotoka kiasi gani. Wanazingatia pia imepotoka kwa muda gani na inapotoka kwa kasi gani. Ndizo hizo P, I na D zinazowakesha watu karakanani. P huivuta mota irudi panapotakiwa: ikiwa ndogo mota inalegea, ikizidi inatetemeka. D huituliza haraka zake. I hukumbuka kila kosa la nyuma na haisamehe mpaka lilipwe. Ukiizidisha, inadai hata deni lililokwisha.

Halafu wakaja wahandisi Ziegler na Nichols, mwaka 1942, na kanuni yao: toa I na D, pandisha P mpaka mtambo utetemeke mfululizo, pima mtetemo huo, kisha upige hesabu, P iwe 0.6 ya kiwango kilicholeta mtetemo. Yaani wataalamu wenyewe walianza kwa kuutafuta mtetemo kwa makusudi. Jirani anayegonga ukuta saa tano za usiku aelezwe hivyo, kwa upole.

Lakini fadhila yake kubwa ni kufichua. Chukua Bridgeport kuukuu, milingi iliyoanza kutengenezwa Connecticut mwaka 1938. Nati imechakaa, skrubu inacheza, na mwenye mashine ameishi nayo kwa amani kwa sababu mkono wake umezoea kuufidia ule mchezo. Funga kipimo kwenye meza yenyewe, iache servo ikisome, uone: mota itahangaika kushoto na kulia ikitafuta mahali ambapo skrubu hiyo haiwezi kupashika, na hakuna P, I wala D itakayoituliza. Basi zinanunuliwa skrubu za gololi. Zikifungwa, inaonekana beringi nazo zimelegea. Hivyo ndivyo mtu aliyetaka kuchonga kipande kimoja tu anavyojikuta amenunua mashine upya, kwa mafungu. Na muda wote huo, iwekwe kwenye kumbukumbu, hajaharibu chuma hata gramu moja. Stepa gani amewahi kuweka akiba namna hiyo?

Kwa hiyo, msomaji, ukiuziwa mashine ambayo servo zake tayari zimetulia, ikatae. Kama umekwisha kulipa, chukua bisibisi, uongeze P kidogo.